Guni la Seremala: Safari ya Kipimo Kutoka Pwani Hadi Bariadi

Katika ushairi wetu, utungo uliopotoka mizani au uliokosa vina huitwa guni. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mnamo mwaka 1954, alikiweka katika maandishi kipimo ambacho washairi wengi walikuwa wakikifuata kwa sikio. Na neno lenyewe mizani tumeliazima sokoni. Ni chombo cha mfanyabiashara kabla ya kuwa kanuni ya malenga. Si ajabu basi kwamba mshairi na seremala wanaliogopa kosa moja: kipande kilichozidi au kilichopungua. Tofauti yao ni kwamba guni la mshairi hukera sikio kwa muda, ilhali guni la seremala hulaliwa, hukaliwa na kuandikiwa juu yake kwa miaka mingi.

Makala haya yanakusudia kulifuata guni hilo la pili, na kulifuata mbali na bahari, hadi Bariadi. Huenda msomaji wa visiwani akauliza: kwa nini Bariadi, wakati sisi tuna milango yetu, samadari zetu na majahazi yetu? Jibu ni kwamba kule bara, katika nchi ya Wasukuma, vipimo vya watu mbalimbali vimekutana kimoja juu ya kingine, na kwa hiyo chanzo cha kosa la kipimo huonekana waziwazi kuliko hapa kwetu. Isitoshe, baadhi ya vipimo hivyo vilitoka kwetu.

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka mkoa wa Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Mkoa umechukua jina la mto Simiyu, unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe, na ya jua kali. Misitu mikubwa ya mbao haiko huko. Mbao za paini husafiri kutoka mashamba ya miti ya mbali, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, na mninga hutoka katika miombo ya magharibi. Ukweli huu wa kijiografia tutaurejea, kwa kuwa una sehemu yake katika makosa ya vipimo.

Zamani kiti cha Msukuma hakikuwa na kosa la namna hii. Kiliitwa isumbi, kigoda kilichochongwa kutoka katika gogo moja. Hata lugha yetu inaikumbuka asili hiyo, maana neno kiti linaonekana wazi kuwa ni mti uliotiwa kiambishi cha udogo. Mchongaji wa isumbi aliweza kukosea kwa kuondoa kupita kiasi, lakini hakuweza kukosea katika kuunganisha, kwa sababu hapakuwa na cha kuunganishwa. Miguu na kikalio vilikuwa mti mmoja, vilikauka pamoja na kupasuka pamoja. Heshima ya kigoda hicho ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha enzi. Kosa la kipimo, kama tunavyolijua leo, liliingia pamoja na kiungo: pale ubao mmoja ulipotakiwa kuingia katika ubao mwingine.

Pwani yetu ilizoea viungo mapema zaidi, na ilikuwa na kipimo chake kilichotoka mwilini. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, yaani toka kisukusuku cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili zilifanya wari. Na wari mbili zilifanya pima, urefu wa mikono iliyonyooshwa huku na huku. Ni utaratibu uliokamilika, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Vipimo hivi vilisafiri barani na misafara ya biashara. Richard Burton, aliyeianza safari yake ya kwenda maziwa makuu mwaka 1857, alikuta nguo zikihesabiwa kwa shuka ya dhiraa nne na doti ya dhiraa nane. Lakini dhiraa ya nani? Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi hawauzi nguo moja, na mabishano juu ya jambo hilo yalikuwa sehemu ya kila soko.

Kwa fundi wa pwani, hata hivyo, upungufu huo haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu mbili. Kwanza, alikipima chombo kizima kwa mkono mmoja, wake mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Pili, aliziunda samani zake kwa namna iliyousamehe upungufu mdogo. Tuutazame mlango wa Unguja. Mbao zake mbili hukutana katikati, na pale zinapokutana hupigiliwa mfaa, ule mti wa kati wenye nakshi, ambao hufunika mwanya. Tunausifu mfaa kwa uzuri wake, na tuna haki, lakini kazi yake ya awali ni kusitiri mahali ambapo vipande viwili visingelingana kikamilifu. Tukitazame pia kitanda cha kamba. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na kisha huwambwa. Mfumbati mmoja ukizidi mwenziwe kwa upana wa kidole, kamba huvutwa kidogo zaidi upande huo na mambo yakaisha. Kamba haina ukubwa wa kiwandani, huufuata mti.

Upo mfano mmoja wa historia unaokiunganisha kisiwa cha Unguja na mto Simiyu moja kwa moja, nao ni wa kazi ya seremala. Mwaka 1874 Henry Stanley alikuja Unguja na mashua iliyoundwa Uingereza na James Messenger wa Teddington. Ilikuwa na urefu wa futi 40, nayo iligawanywa vipande 5 ili ichukuliwe na wapagazi. Vipande vilipopimwa Unguja vikaonekana vizito mno. Hapana watu wawili ambao wangeweza kukichukua kimoja katika njia nyembamba za msituni. Hesabu iliyofanyika mezani huko mbali haikuwa imepimwa kwenye bega la mpagazi. Ikabidi kazi ipatiwe seremala hapahapa Unguja, naye akavitengeneza upya hata vikabebeka. Msafara ukaondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, mashua ikiwa mabegani mwa Waungwana wa Unguja, na tarehe 8 Machi 1875 ikashushwa majini ikiwa nzima katika Ghuba ya Speke. Miongoni mwa mahali pa mwanzo ilipofika ni mdomo wa mto Simiyu, ambao Stanley aliuandika Shimeeyu.

Mengi yamesemwa juu ya safari hiyo na madhara yaliyoifuata, na si nia yetu kuyarudia hapa. Linalotuhusu ni somo la ufundi. Kosa lile liligunduliwa kabla ya safari, mahali ambapo palikuwa na zana na fundi. Kama lingegunduliwa baada ya mwendo wa wiki kadhaa bara, lingekuwa msiba. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Baada ya misafara kukaja serikali za kigeni, na kila moja ilikuja na fimbo yake ya kupimia. Wajerumani walileta mita. Hata reli ya kati waliyoijenga hadi Kigoma ina upana wa mita moja baina ya pau zake mbili. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walileta inchi, futi na yadi, na ratili kwa upande wa uzito. Baada ya Uhuru nchi ikarejea kwenye mita na kilo. Kwa hiyo mita imeingia Tanganyika mara mbili, na inchi iliyokaa katikati haikuondoka.

Katika Usukuma, neno kipimo lina uchungu wake wa pekee. Wakulima wa pamba wa miaka ya mwanzo ya 1950 walishuku mizani za wanunuzi, na mojawapo ya mambo waliyoyadai ni kuwa na wapimaji wasio watu wa mnunuzi. Vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ndilo lililozaa muungano wa vyama vya ushirika wa Viktoria mwaka 1955. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba kipimo si tarakimu tupu. Ni ahadi baina ya watu wawili, na mmoja akihisi ahadi imevunjwa, kazi yote hupoteza thamani.

Sasa tuingie katika karakana ya leo, iwe Bariadi, Maswa au Lamadi. Seremala ana futi ya chuma ya kukunja yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Mbao dukani huitwa mbili kwa nne, moja kwa nane, mbili kwa sita, zote kwa inchi. Godoro huuzwa kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Lakini kijana aliyetoka chuo cha ufundi amefunzwa kuchora kwa milimita, na rula aliyoitumia skuli ina sentimita 30, ambayo wengi huiita futi moja. Hapo ndipo guni linapozaliwa.

Inchi moja ni milimita 25.4. Anayesema inchi ni sentimita mbili na nusu amepunguza milimita 0.4 tu, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Lakini kitanda cha futi sita kina inchi 72, na 0.4 mara 72 ni milimita 28.8. Fundi aliyekata mfumbati wa sentimita 180 amekata mfupi kwa karibu sentimita 3. Upana nao, futi tano kwa sentimita 150, umepungua milimita 24. Godoro la tano kwa sita likiletwa, halilali. Hubinuka kingo na kufanya mgongo katikati. Fundi huapa kwamba alipima sawasawa, na kweli alipima sawasawa. Mwenye kitanda huapa kwamba alinunua godoro la tano kwa sita, naye kweli alilinunua. Hakuna mwongo kati yao. Kosa limeingia katika tafsiri baina ya lugha mbili za kipimo, kama beti inavyoharibika ikihamishwa lugha na mtu asiyehesabu mizani.

Kinga yake ni kuchagua lugha moja na kubaki nayo. Kama godoro limeuzwa kwa inchi, kitanda kizima kipimwe kwa upande wa inchi wa ile futi, na upande wa sentimita usiguswe. Na bora kuliko tarakimu zote, godoro lenyewe liwekwe chini na kupimwa, maana jina la dukani na urefu wa kweli si lazima vilingane.

Kosa la pili latoka katika mbao yenyewe. Ubao wa mbili kwa nne huitwa hivyo unapotoka kwenye msumeno. Ukishapitiwa na randa pande zote hupungua milimita kadhaa. Anayechora meza kwa jina la ubao badala ya ubao ulio mbele yake atakuta ulimi unacheza ndani ya tundu. Tena paini iliyopasuliwa mbichi katika baridi ya Mufindi hufika Simiyu ikiwa bado na maji, na jua la huko huyanyonya. Mti ukikauka hausinyai sana kwa urefu, bali kwa upana. Ubao wa sentimita 20 waweza kupungua milimita 4 au 5. Fundi aliyepanga mbao za juu ya meza zikiwa mbichi, akazigandisha kwa gundi na kuzipigilia misumari, ataitwa baada ya miezi michache kuona nyufa, na atadhaniwa kuwa alipima vibaya. Dawa yake ni subira: mbao zipangwe kivulini, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, na zisipimwe kwa kazi ya mwisho mpaka zimekauka.

Kosa la tatu ni la zana. Kile kidoko cha chuma kwenye ncha ya futi huchezacheza kidogo, na wengi hukidhania kibovu wakakigonga kwa nyundo kisicheze tena. Kumbe kimeundwa kicheze kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kilekile fundi akivuta kutoka ukingoni au akisukuma ndani ya pembe. Kukikaza ni kulitia kosa katika kila ubao utakaopimwa baada ya siku hiyo. Msumeno nao hula. Njia yake ina upana wa milimita 2 au 3, kwa hiyo ubao wa mita mbili hautoi vipande vitano kamili vya sentimita 40. Utamwacha mwenye tamaa na kipande cha mwisho kilichopungua karibu sentimita nzima. Na fremu yenye pande zilizolingana yaweza bado kuwa imepinda. Ithibati yake ni kupima ulalo, kutoka kona hadi kona, mara mbili. Ulalo ukilingana, fremu imekaa mraba. Usipolingana, isukumwe kona iliyozidi kabla gundi haijashika.

Na ikiwa kosa limekwisha kutendeka? Hapa seremala na mshairi wanarudi kukaa baraza moja. Mshairi akizidisha mizani hutumia inkisari, akalifupisha neno, imewasili ikawa mewasili. Akipungukiwa hutumia mazida, mno ikawa muno. Inkisari ni nyepesi, na kwa seremala pia ni nyepesi: kilichozidi hupunguzwa kwa randa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukata nje ya mstari na kuacha unywele wa kurekebisha. Mazida ni magumu zaidi. Ulimi uliokuwa mwembamba hugandishwa kipande chembamba cha mti uleule, nyuzi za mti zikielekea upande mmoja, kisha ukachongwa upya. Mguu uliopungua hauongezwi kigaga chini, kwa kuwa kitang'oka. Ni bora kuipunguza mitatu mingine ukifuata ule mfupi, iwapo kimo kinaruhusu. Mfumbati uliokatwa mfupi hauna mazida ya kutegemewa mahali panapobeba uzito wa watu. Huo uwekwe pembeni, uje kuwa kitakizo cha kitanda kidogo. Mshairi mzuri anajua ni neno gani halivumilii kurefushwa, na fundi mzuri anajua ni kipande gani cha kuacha.

Yote haya yangebaki kuwa mambo ya fundi na mteja wake, lau si kwa jambo moja lililoikumba nchi nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ada iliondolewa katika skuli za umma za Tanzania Bara hadi kidato cha nne, na watoto wakamiminika madarasani. Upungufu wa madawati ukadhihirika, na Rais John Magufuli akaagiza kila mkoa uumalize kabla ya tarehe 30 Juni 2016. Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 kwa kazi hiyo. Simiyu, kama mikoa mingine, ilibidi ipate madawati kwa maelfu na kwa haraka.

Dawati ni neno la Kiarabu lililokuwa na maana ya kidau cha wino. Kwetu limekuwa meza na benchi vilivyoungwa katika fremu moja, na kwa desturi huketi watoto watatu. Kuungwa huko ndiko kunakolifanya kosa lake kuwa zito. Kiti kikiwa mbali na meza, mtu hukivuta. Benchi la dawati halivutiki. Likiwekwa sentimita chache mbali zaidi, mtoto ataandika akiwa ameinama. Meza ikizidi kimo, atainua mabega. Na haraka ina namna yake ya kuzalisha kosa. Fundi akikata mguu wa pili kwa kuufuatisha wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, na wa nne kwa wa tatu, kila alama ya penseli huongeza unene wake. Milimita moja kwa kila mguu, na mguu wa kumi na moja umezidi wa kwanza kwa sentimita nzima.

Kinga ya kosa hili ni ya kale kuliko mita na inchi. Ni ufito wa kipimo: kijiti kimoja kilichonyooka, kimetiwa alama za kila kiungo, kimo cha meza, kimo cha benchi, mwanya wa katikati, na mahali pa kila tundu. Hauna tarakimu. Kila kipande hupimwa kwa ufito huo, si kwa kipande kilichotangulia, na ukiisha kazi huning'inizwa ukutani kungoja agizo lijalo. Kwa ufito huo fundi hurudi kuwa kama yule wa pwani aliyepima chombo kizima kwa mkono mmoja, na hata kama yule wa isumbi, ambaye chombo chake kizima kilikuwa mti mmoja. Ikiwa ufito umekosewa, madawati yote yatakosewa kwa namna moja. Kwa hiyo kabla ya la pili kukatwa, sharti aitwe mtoto aketi kwenye la kwanza. Hapo ndipo kosa hugundulikana lingali dogo, kama lilivyogundulikana lile la vipande vya mashua hapa Unguja.

Malenga wetu walikuwa na desturi ya kuusoma utungo kwa sauti mbele ya mwenzao kabla ya kuutoa hadharani, ili sikio la pili lisikie kile ambacho sikio la kwanza limekizoea. Mtoto anayeketi kwenye dawati la kwanza hufanya kazi hiyohiyo. Kama nyayo zake zimegusa sakafu na viwiko vyake vimelala juu ya meza bila kuinua mabega, kipimo kimetimia, na fundi aendelee kukata.